Nani Anasimulia Las Vegas? Sauti na Upelelezi katika Filamu ya Casino

Mara ya kwanza niliitazama filamu ya Casino katika kibanda cha video huko Kikoni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ilikuwa nakala iliyopitia kwa VJ, yaani yule mfasiri wa vibandani anayetafsiri kwa Kiganda huku akitia chumvi zake. Kazi yake ilikuwa ngumu. Filamu hiyo ina wasimulizi wanaosema karibu bila kupumzika, sauti juu ya picha, kwa saa tatu kasoro dakika mbili, na VJ naye alilazimika kusema juu ya sauti zao. Mwishowe aliachana na mazungumzo akashika hadithi yake mwenyewe. Watu walicheka, nami nilicheka. Niliporudi chumbani ndipo nilipojiuliza: katika filamu hii nimesikia sauti za nani, na ni nani ambaye sikumsikia kabisa?

Ni swali la darasani, najua. Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tumezoea kuuliza msimulizi ni nani kabla ya kuuliza kisa ni kipi. Na katika hadithi za jinai tumelelewa na wapelelezi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla tunamfuata Bwana Msa. Katika Simu ya Kifo (1965) cha Faraji Katalambulla tunamfuata Inspekta Wingo. Mtu ameuawa, na akili ya mpelelezi ndiyo inayotushika mkono hadi kwenye ufumbuzi. Casino, iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 1995, inageuza mpango huo. Wanaotushika mkono ni wahalifu. Mpelelezi yuko mbali, mdogo, tena mara nyingi ni wa kuchekwa.

Kugeuza mpango si kosa, na sitaki nisomwe kama mtu asiyeipenda filamu hii. Nimeitazama mara nne. Dai langu ni dogo lakini ni zito: kwa kuwaachia wahalifu usimulizi wote, filamu imetupotezea nusu ya kisa, nayo ni ile nusu ya jinsi kilivyofumbuliwa, na imefanya hivyo kwa kumwamini msimulizi ambaye mambo yaliyojulikana baadaye yameonyesha kwamba hakuwa wa kuaminiwa.

Kisa chenyewe ni cha kweli, majina tu ndiyo yaliyobadilishwa. Kasino inayoitwa Tangiers katika filamu ni Stardust. Sam Rothstein, anayeigizwa na Robert De Niro, ni Frank Rosenthal, mtaalamu wa kubashiri michezo aliyetoka Chicago. Nicky Santoro wa Joe Pesci ni Anthony Spilotro, mtu wa mafia ya Chicago aliyetumwa Las Vegas kulinda maslahi ya wakubwa wake. Ginger wa Sharon Stone ni mke wa Rosenthal. Mwaka 1974 kampuni ya Argent ya Allen Glick, mfanyabiashara wa nyumba na viwanja kutoka San Diego, ilipata mkopo wa takriban dola milioni 62 kutoka mfuko wa pensheni wa chama cha Teamsters, chama cha madereva wa malori, ikanunua kampuni iliyomiliki Stardust na Fremont. Glick ndiye aliyekuwa na leseni. Waliouwezesha mkopo walikuwa wakubwa wa mafia, na walitaka malipo yao kila mwezi, kwa siri, kabla hesabu haijaandikwa wala kodi haijakatwa. Nicholas Pileggi alikiandika kisa hicho katika kitabu kilichotoka mwaka huohuo wa 1995, na ndiye aliyeandika muswada wa filamu pamoja na Scorsese.

Huo wizi wa kila mwezi Wamarekani wanauita kwa neno la maziwani, nasi tunalo letu: kuengua. Kama mtu anavyoengua malai juu ya maziwa, yanayobaki chini yanaonekana bado ni maziwa. Filamu inauonyesha kwa picha moja isiyosahaulika. Mwanamume anaingia katika chumba cha kuhesabia fedha, anajaza noti katika sanduku, anatoka mlangoni huku kila mtu akitazama pembeni, kisha anapanda ndege. Ni picha nzuri, na VJ wetu alifurahi nayo sana.

Lakini uenguaji uliofichuliwa kwanza pale Stardust ulihusu sarafu zaidi ya noti, na ulikuwa na akili kuliko sanduku. Robo dola moja ina uzito wa gramu 5.67. Dola milioni moja kwa robo ni sarafu milioni nne, yaani zaidi ya tani 22. Hakuna anayezihesabu moja moja. Zinapimwa kwa mizani. Mizani ya Stardust iliharibiwa kwa makusudi ili ionyeshe pungufu kwa karibu theluthi moja. Sarafu zilizozidi hazikuweza kutolewa nje zikiwa sarafu, maana nani atapita mlangoni na tani za chuma? Basi zilirudishwa ukumbini, zikauzwa kwa wachezaji waliohitaji chenji, na noti walizotoa ndizo zilizotiwa mfukoni. Mwaka 1976, mwezi Mei, wakaguzi wa Bodi ya Udhibiti wa Michezo ya Kamari ya Nevada wakiongozwa na Dennis Gomes waliingia bila taarifa, wakaipima mizani yenyewe. Makadirio ya fedha zilizopotea kwa njia hiyo yalifikia dola milioni 7 au zaidi. Msimamizi wa mashine za kamari alitoroka, naye hakupatikana tena.

Fikirini tukio hilo mikononi mwa mwongozaji kama Scorsese! Mkaguzi wa hesabu anaweka uzito anaoujua juu ya mizani, anasoma namba, anaweka tena, anasoma tena. Taharuki ya namna hiyo haihitaji bastola. Lakini wakati huo Rothstein na Santoro hawawezi kuwa msimulizi, kwa sababu hawamo chumbani. Hapo ndipo uchaguzi wa msimulizi unapokuwa uchaguzi wa maudhui. Kisichoonwa na mhalifu hakiingii katika hadithi.

Mfano wa pili ni wa Kansas City, na hapa filamu inajitahidi zaidi. Inatuonyesha mtu wa mafia anayelalamika dukani kwake kuhusu gharama anazotumia kwenda Las Vegas, mama yake akimkemea kwa kutukana, huku kinasa sauti kilichofichwa kikinyonya kila neno. (Anayeigiza mama huyo ni Catherine Scorsese, mama mzazi wa mwongozaji.) Mtu huyo anaweka daftari la matumizi. FBI wanapolikuta, anaanguka na kufa kwa mshtuko wa moyo. Kibandani palikuwa na vicheko hapo.

Kuna ukweli nyuma yake. Mwaka 1978 FBI walificha kinasa sauti katika mgahawa wa Villa Capri huko Kansas City. Hawakuwa wakitafuta habari za kasino hata kidogo. Walikuwa wakichunguza mauaji ya magenge katika mji huo. Walichosikia ni wazee wakijadili nani auze na nani anunue kasino za Las Vegas, umbali wa zaidi ya kilomita 1,600. Uzi mmoja wa sauti ukawapeleka kwa Carl DeLuna, na tarehe 14 Februari 1979 walipoipekua nyumba yake walikuta karatasi za mahesabu alizoziandika kwa nidhamu ya karani, kwa majina ya mafumbo. Glick aliandikwa kama Genius. DeLuna hakufa kwa mshtuko, alishtakiwa, akafungwa. Karatasi hizo, pamoja na sauti zilizonaswa na ushahidi wa Glick mwenyewe, ndizo zilizowatia hatiani wakubwa wa Chicago, akiwamo Joseph Aiuppa, mwezi Januari 1986.

Glick aliiambia mahakama kwamba DeLuna alimwamuru auze kasino zake, la sivyo wanawe wangeuawa. Tishio hilo filamu haikulipa nafasi. Phillip Green, mhusika aliyechorwa kwa mfano wa Glick, anaonekana kuwa bwana mwoga wa suti nzuri, kivuli tu. Hilo linanisumbua kuliko kufupishwa kwa upelelezi. Kicheko cha daftari na mama mkali kimefunika tishio dhidi ya watoto.

Mwenzangu mmoja wa darasa, tulipobishana kuhusu rasimu ya makala haya, aliniambia kwamba nimekosa kuona kejeli. Wasimulizi wanajisema wenyewe, alidai, na kadiri wanavyojigamba ndivyo wanavyojihukumu. Alitoa mfano wa mwisho wa Santoro. Nicky anaendelea kutusimulia kwa sauti yake ile ya kujiamini hadi rungu la kuchezea besiboli linapompiga, na sentensi yake inakatika katikati. Kweli, ni ufundi mkubwa. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyomnyamazisha msimulizi wake namna hiyo. Nakubali kwamba filamu haimwachii Nicky aondoke na ushindi.

Lakini kejeli inahitaji kitu cha kusimama juu yake. Msomaji hugundua kuwa msimulizi anadanganya pale hadithi inapompa jambo jingine la kulinganisha nalo, hata kama ni dirisha dogo. Casino haifungui dirisha hilo upande wa dola. Ndege ya FBI inayomfuatilia Nicky inaishiwa mafuta, inatua kwenye uwanja wa gofu mbele ya nyumba ya Rothstein, na walengwa wanaichezea kamari. Ndege ya FBI iliwahi kweli kutua kwa dharura kwenye uwanja wa gofu Las Vegas, kwa hiyo simlaumu Scorsese kwa uongo. Namlaumu kwa uteuzi. Katika kazi ya miaka mingi ya upelelezi, dakika aliyoona inastahili kucheleweshewa kamera ni ile ya aibu.

Vivyo hivyo kwa kikao cha leseni. Katika filamu, ofisa anayemnyima Rothstein leseni ni mnafiki aliyekwisha kula na kulala bure hotelini, na Rothstein anampigia kelele mbele ya kamera za televisheni. Kikao halisi kilikuwa mwaka 1978, na mwenyekiti wa Tume ya Michezo ya Kamari ya Nevada aliyepigiwa kelele alikuwa Harry Reid, ambaye baadaye alikuwa seneta na kiongozi wa wengi katika Seneti ya Marekani. Mwaka 1981, miaka mitatu baada ya kikao kile, mke wa Reid aligundua kifaa cha mlipuko kwenye gari la familia. Hakikulipuka.

Hapa pana magari mawili. Gari la Rosenthal lililipuka tarehe 4 Oktoba 1982 nje ya mgahawa katika barabara ya Sahara. Aliokolewa na bamba la chuma lililokuwa chini ya kiti cha dereva, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa tendo hilo. Mlipuko huo unaifungua filamu na unarudi tena mwishoni, moto mzuri, muziki wa Bach. Gari la Reid halimo. Mtazamaji anaondoka akijua hatari iliyomkabili mwendesha kasino kwa undani wa kila cheche, bila kushuku kwamba aliyesimamia sheria naye alikuwa na mke aliyekuta bomu mlangoni kwake.

Sasa nije kwa msimulizi mkuu. Rothstein wa filamu ni mtu wa kanuni. Haibi, hasemi ovyo, anaijua kazi yake kuliko wote, anaangushwa na mapenzi na urafiki mbaya. Sura hiyo, kwa sehemu kubwa, imetokana na Rosenthal mwenyewe, maana Pileggi alizungumza naye kwa kirefu. Rosenthal alifariki Oktoba 2008. Baada ya kifo chake gazeti la Las Vegas Review-Journal liliripoti kwamba alikuwa mtoa habari wa FBI.

Nilipoisoma habari hiyo niliirudia filamu tangu mwanzo, na ilikuwa filamu nyingine. Mtu anayetuambia kwa sauti tulivu jinsi kila mtu alivyokuwa akimtazama kila mtu ndani ya kasino, toka mgawa karata hadi kamera ya darini, hatuambii kwamba naye alikuwa akiwaambia FBI. Hatuwezi kumlaumu Scorsese kwa jambo lililofichwa hadi 2008. Ila tunaweza kusema hivi: filamu iliyompa msimulizi mmoja mamlaka makubwa kiasi hicho, bila kumwekea sauti ya kumpinga, ilikuwa inangoja aibu ya namna hii. Na kuhusu wale wapelelezi wa kuchekwa, inaelekea walikuwa wakijua zaidi ya yule aliyewacheka.

Jambo jingine lililobadilika baada ya 1995 ni kifo cha Spilotro. Katika filamu, yeye na nduguye wanapigwa marungu katika shamba la mahindi na kufukiwa wakiwa bado wanapumua. Miili ya ndugu hao ilipatikana kweli shambani, karibu na Enos katika jimbo la Indiana, Juni 1986. Lakini katika kesi kubwa iliyosikilizwa Chicago mwaka 2007, Nicholas Calabrese, mmoja wa wauaji aliyegeuka shahidi, alieleza kwamba waliuawa katika chumba cha chini ya nyumba huko Bensenville, kisha wakapelekwa kufukiwa. Ushahidi wa kiapo ni huo. Hata hivyo, muulize yeyote aliyeitazama filamu, atakuambia mahindi.

Kuna mwigizaji mmoja ambaye sikumtambua nilipoitazama mara ya kwanza. Anatokea kidogo tu, kama muuaji. Jina lake ni Frank Cullotta. Alikuwa rafiki wa Spilotro tangu ujana, kiongozi wa genge lililotoboa kuta na mapaa ya maduka ya Las Vegas hadi lilipokamatwa tarehe 4 Julai 1981. Mwaka uliofuata aligeuka shahidi wa serikali, na alikiri kwamba alimuua mtu Las Vegas mwaka 1979. Filamu ilimwajiri kama mshauri, kisha ikampa bastola mbele ya kamera. Wengine wanauita huo uhalisia. Mimi nashindwa kuupa jina. Najua tu kwamba familia ya yule aliyeuawa, kama ilikwenda sinema mwaka 1995, ilimwona muuaji wa ndugu yao akilipwa kuua tena. Mtu yuleyule aliyeua ndiye aliyeshauri jinsi ya kuonyesha kuua.

Oscar Goodman, wakili halisi wa Rosenthal na Spilotro, naye amo katika filamu, akiigiza nafsi yake. Miaka minne baadaye alichaguliwa kuwa meya wa Las Vegas. Naliacha hilo lijieleze.

Limebaki suala la Ginger, na ndilo lililonifanya niandike. Filamu ina wasimulizi watatu. Wawili tunawajua. Wa tatu ni Frank Marino, msaidizi wa Nicky, anayepewa sauti ya usimulizi kwa muda mfupi sana, anapotafakari amjibu nini mkubwa wake aliyemuuliza kama Nicky analala na mke wa Rothstein. Angalieni jambo hilo vizuri. Filamu ilipohitaji mtu wa kutueleza kuhusu mwili wa Ginger, ilimwongezea msimulizi mwanamume, mtu wa pembeni kabisa, badala ya kumpa Ginger mwenyewe hata sentensi moja. Sharon Stone anapiga kelele, analia, anacheka, anarusha dadu, anaomba fedha zake. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, na alistahili. Lakini ule uwanja wa ndani, ile sauti inayosema na mtazamaji peke yake, umefungwa kwake. Kila tunachojua kuhusu nia zake tumeambiwa na mume au na hawara.

Katika kitabu cha Pileggi mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kitabu kimejengwa kwa maneno ya watu wengi wanaopishana, maofisa wa upelelezi wakiwamo. Pale Rosenthal ni sauti moja kati ya nyingi, na msomaji anaweza kupima. Muundo huo wa ushahidi unaopingana ungeweza kuhamishiwa kwenye filamu. Waliokiandika muswada wanakijua kitabu kuliko sisi, wakachagua kupunguza.

Mke wa Rosenthal alifariki Novemba 1982, wiki chache tu baada ya gari la mumewe kulipuka, wakati huo wakiwa wametalikiana. Alianguka katika hoteli ndogo Los Angeles, akafa hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 46. Uchunguzi wa serikali ulikuta kokeini, dawa za kutuliza na pombe mwilini mwake, na kifo kikaandikwa kuwa ajali. Katika filamu, Ginger anayumba kwenye ukumbi mrefu wa hoteli, anaanguka, na kamera haimsogelei. Juu ya picha hiyo sauti ya Rothstein inatuambia kwamba daktari aliyemlipa mwenyewe aliupima mwili upya, na kwamba waliompa dawa walimuua kwa kipimo kilichoandaliwa. Mtaalamu wa serikali alisema ajali. Filamu inasema mauaji, kwa kinywa cha mume, na inaendelea na tukio jingine.